Aliyeshika Ufunguo wa Ghala

Mwalimu Ninahazwe alifundisha historia miaka kumi na minane huko Rutana, Burundi, kabla hajaikimbia nchi, na somo la wakulima wa kwanza alilijua kama Baba Yetu. Watu waliacha kuhamahama, wakapanda ngano na shayiri kando ya mito. Chakula kikazidi, wakajenga ghala. Kuzunguka ghala kukaota mji, na mjini wakatokea wafalme, makuhani na waandishi. Ustaarabu ukazaliwa. Wanafunzi walinakili, wakafaulu, basi.

Durban hakuna aliyemhitaji mwalimu wa historia. Siku tano kwa juma alipakia maboksi katika bohari moja kule Mobeni. Jumamosi aliwafundisha wanawake wenzake waliotaka kufanya mtihani wa matriki, ule wa kumaliza sekondari, katika ukumbi wa kanisa dogo la Cato Manor. Wanawake hao ndio waliolima mteremko wa nyuma ya kanisa. Mwanzoni pale palikuwa vichaka, matairi na chupa zilizovunjika. Spès, Mrundi mwenzake, mwembamba na mkimya, ndiye aliyetangulia kushika jembe. Alikuja na mbegu za maharage alizozifunga kwenye pindo la kitenge, na kila msimu alichagua mbegu mpya punje kwa punje.

Mwaka ule mvua ilikuja kwa kheri. Mahindi na maharage yakawashinda kula. Kanisa likawapa kontena kuukuu wahifadhie, na kwa kuwa wezi hawakosekani, wakatia kufuli. Ufunguo wakamkabidhi Libère, shemasi, kwa sababu nyumba yake ilitazamana na kontena. Ni hivyo tu. Hakuna aliyemchagua kwa jambo lingine lolote.

Miezi mitatu baadaye Libère alikuwa na daftari la kuandika nani kahudhuria mikutano ya kikundi, na vijana wawili wa kulinda waliokula humo humo ghalani. Ukimwita Papa Libère haitiki, mpaka umwite Chairman. Alipotembelewa na mkubwa mmoja kutoka mjini, alimwandalia sinia za maharage, akapigwa picha naye katikati ya shamba, viatu vinang'aa.

Halafu ikaja Ijumaa ile. Mama yake Spès alikuwa kitandani, hajiwezi, na nyumbani hamna kitu. Spès akaenda kuomba ndoo moja.

"Wewe uliruka mikutano mbili," Libère alimwambia. "Règlement ni règlement, sheria ni sheria."

"Chairman, mama iko mgonjwa. Na hii mbegu nilileta mimi."

"Hapa hakuna ya mtu. Iko ya kikundi." Akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni.

Ninahazwe aliyasikia hayo kesho yake asubuhi kwa Irene, msusi wa Kitanzania aliyekuwa hodari kuliko wote darasani. Spès mwenyewe alikaa nyuma, kainamia daftari. Somo la siku lilikuwa lile lile la wakulima wa kwanza. Ninahazwe akaandika ubaoni: kilimo, ziada, ghala. Hapo chaki ikasimama. Uso ulimwaka moto. Miaka kumi na minane alikuwa akiwaambia watoto wa watu kwamba chakula "kikazidi", utadhani kilijizidisha chenyewe!

Akageuka. "Futeni hayo. Nimewafundisha uongo."

"Uongo gani tena, mwalimu?" Irene aliuliza.

"Kule Syria wamechimbua mifupa ya wakulima wa zamani sana. Wanawake magoti yameharibika, vidole vya miguu vimelika, kwa kupiga magoti kutwa wakisaga nafaka. Hao ndio waliouanza ustaarabu! Kitabu kinawataja wapi? Kinamtaja mfalme. Na huyo mfalme alitoka wapi? Alipanda nini? Alipewa kulinda ghala, akaamka siku moja anawauliza wenye shamba wao ni nani!"

Libère alikuwa mlangoni, amekuja na daftari lake.

"Mwalimu, unasema mimi?"

"Nasema wewe. Mwenye mbegu amelala njaa na maharage yake yamefungiwa. Fungua."

"Eish, mama! Nikifungua, kesho nani atalinda? Wataiba yote, mtanililia mimi."

Swali lenyewe lilikuwa la haki, na hilo ndilo lililomzidishia hasira. Ninahazwe alipita mbele yake, akachukua jembe lililoegemezwa ukutani, akateremka hadi kwenye kontena. Wale vijana walinzi walitazamana, wakasogea kando. Mwanamke wa makamo mwenye jembe mkononi si wa kuchezewa. Alipiga kufuli mara tatu. Mara ya tatu likakatika.

Wanawake kadhaa waliokuwa wamemfuata walirudi nyuma kwa woga, wakaenda zao bila kuaga. Spès alijaza ndoo yake, akaitua chini, akaingia tena ndani, akatoka na kifuko cha mbegu alizozichagua mwenyewe. Alipompita Libère, aliyewafuata hadi pale, machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini shingo ilikuwa wima.

Libère hakuondoka. Juma lililofuata kulikuwa na kufuli jipya, kubwa zaidi, na wanawake zaidi ya nusu walibaki naye. Bomba la maji liko upande wake, na watu wana watoto wa kulisha. Ninahazwe hakuwalaumu, ila alipokutana nao njiani aliangalia pembeni. Yeye, Spès, Irene na wengine watatu walipewa kipande cha ardhi na mjane mmoja Mzulu, juu kidogo ya pale, wakaanza tena kung'oa vichaka.

Siku ya kwanza tu wakagombana. Irene alitaka wajenge ghala, maana mavuno ya kuwekwa vyumbani wadudu watayamaliza. Spès alisema hataki kuona kufuli tena maisha yake yote. Wote wakamgeukia mwalimu. Naye, aliyefundisha jambo hilo tangu ujana wake, akakung'uta udongo mikononi, akawauliza: "Tukijenga, ufunguo atashika nani?"