Uwanja Umehama

Nyamizi binti Maige wa Ngokolo alikuwa na mdomo, na mdomo huo ulikuwa umemponza tangu darasa la kwanza. Hakuwa msengenyaji wala mtukanaji, tusimwonee. Kosa lake lilikuwa kutangaza. Mtu akifanya jambo lolote mbele yake, hata kumenya viazi, Nyamizi alimtangaza kama wale jamaa wa redioni wanavyotangaza mpira, mbio mbio na kwa kelele, na mmenya viazi alijikuta anamaliza sufuria kama aliyetwaa kombe. Mwaka ule wa 1994 alikuwa amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani, na mama yake, Mama Nyamizi, alishaunguza maharage kwa kucheka.

Mzee Maige hakucheka. Yeye alikuwa manju, yaani kiongozi na mtunzi wa nyimbo za kikundi cha ngoma, na alishasema kwamba nyumba moja inatosheka na manju mmoja. Alikuwa amemtafutia binti yake nafasi ya kusomea uhazili Mwanza, na basi lilikuwa la Jumatatu. Uhazili, jamani! Siku Nyamizi alipojaribu taipu ya parokia aliitangaza kila herufi iliyopigwa, mpaka karani akamwomba kwa upole aende akapumzike.

Ijumaa kukawa na semina ya ushauri wa kazi katika ukumbi mmoja wa Kambarage, mtaa wa jirani. Mshauri alikuwa Madam Bernadina kutoka Mwanza, mama mwenye miwani mikubwa na kicheko kikubwa zaidi. Vijana walijiandaa kuulizwa wana alama ngapi za hisabati. Yeye akawauliza kitu kingine kabisa.

"Niambieni, nyumbani na shuleni mnagombezwa kwa ajili ya nini?"

Ukumbi ukaguna. Donatus, kijana wa fundi baiskeli, akanyoosha mkono. "Mimi kwa kulala, madam."

"Basi wewe kazi ya ulinzi usiombe," akasema Madam. "Ila wengine wenu mnagombezwa kwa kitu msichoweza kukiacha hata mkikatazwa. Huko ndiko tukachungulie. Wewe binti wa nyuma?"

"Mdomo," akasema Nyamizi. Akaombwa auonyeshe. Basi akamtangaza Madam mwenyewe: Madam anasogea, Madam anashika chaki, chaki inakatika, lahaula, anaiwahi kabla haijagusa sakafu! Watu walicheka mpaka benchi moja likapinduka. Madam Bernadina alivua miwani, akafuta macho, akasema, "Mwanangu, hiyo ni kazi. Inaitwa utangazaji, na watu wanalipwa mshahara."

Nyamizi alirudi Ngokolo karibu aruke. Furaha ilimjaa mpaka akasahau kusalimia, akarudi mlangoni kuanza upya.

"Shikamoo, baba. Nimepata kazi yangu!"

"Marahaba. Ipi?"

Alipoeleza yote, pamoja na lile benchi, mzee alitikisa kichwa. "Hao walikuwa wamekaa ukumbini, ng'wanone, mwanangu. Wangekwenda wapi? Mtu aliyekaa hucheka chochote. Mimi makofi siyaamini, naamini miguu. Nionyeshe mtu mmoja, mmoja tu, atakayeacha shughuli zake aje akusikilize. La sivyo, Jumatatu unapanda basi."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyopimwa yeye maisha yake yote, maana ngoma ya Kisukuma haina jaji. Vikundi viwili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji wako huru kuhama. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye mshindi, na aliyekimbiwa hufunga ngoma zake kimya kimya.

Jumapili ilikuwa siku ya mashindano, hapo hapo Ngokolo. Mpinzani wa Maige alikuwa Cornel, manju wa kule Bulyanhulu, aliyeshuka kwenye lori pamoja na wachimbaji waliotoka kwenye maduara yao, yale mashimo ya dhahabu, vumbi hadi kwenye nyusi. Na alikuja na chatu. Alipojivisha yule nyoka shingoni, nusu ya watu wa Maige walihama bila hata kuaga.

Katikati ya uwanja, si huku wala kule, Bwana Zakir wa duka la khanga alikuwa ameegesha pikapu yake yenye kipaza sauti. Alitangaza khanga mpya tangu asubuhi, na sauti ilikuwa imemkauka kabisa. Akamwona Nyamizi, ambaye alimjua tangu akitumwa dukani kununua uzi.

"Nyamizi, panda hapa, nisaidie kidogo. Nakwenda kutafuta soda. Sema khanga tu, sawa?"

Nyamizi akasema khanga. Khanga ya kwanza akaisema vizuri, ya pili pia. Bahati mbaya, au nzuri, kutoka juu ya pikapu aliuona uwanja wote.

"Chatu anamtazama Cornel! Cornel anamtazama chatu! Mpaka sasa haijulikani nani kamfuga nani! Tuhamie upande wa pili, mzee Valerian wa kwetu yuko kwenye ngoma kubwa, anapiga, anabadilisha mkono, kaptula inateremka, inateremka... anaidaka! Anaidaka kwa mkono wa kushoto, na ngoma haijakatika!"

Kicheko kilipasuka pande zote mbili. Mchimbaji mmoja akasogea apate kusikia vizuri, wenzake wakamfuata. Akina mama wa upande wa Maige wakasogea nao, na watoto, na muuza karanga na sinia lake. Nyamizi alimtangaza muuza karanga akivuka, karanga zikaisha papo hapo. Hata mshika mkia wa chatu aliachia mkia, akaja kusimama mbele aone atasemwaje. Nyamizi alicheka huku anatangaza, miguu inamcheza, na maneno yalikuja yenyewe, hakuyatafuta.

Kisha akamwona baba yake.

Mzee Maige alikuwa anacheza na manyoya yake kichwani, mbele ya nyasi tupu. Upande wa pili Cornel naye alikuwa peke yake, yeye na nyoka. Amemkimbizia baba yake watu, nyumbani kwao, mbele ya Ngokolo nzima! Alitaka kuzima kipaza sauti, lakini vidole havikuiona swichi.

Mzee Maige akainua mkono, ngoma zake zikanyamaza. Alizitazama zile nyasi. Akautazama umati. Akavua manyoya, akayaweka juu ya ngoma ya Valerian, akaanza kutembea.

Watu waligeuka kumtazama Nyamizi, wakingoja. Kazi ni kazi.

"Manju Maige anaacha ngoma yake," akasema, safari hii polepole. "Anavuka uwanja. Anapita katikati ya watu, hasalimii mtu... amefika kwenye gari... amesimama..."

Hapo sauti ikakatika. Nyamizi wa Ngokolo, aliyechapwa miaka yote kwa kusema, alikosa neno. Machozi yalimtiririka huku anacheka, na kipaza sauti kikawa kinakoroma tu.

Mzee alinyanyua uso. Jasho la ngoma lilikuwa bado linamtoka.

"Mbona unanyamaza, ng'wanone?" akasema. "Nimeacha shughuli zangu nije nikusikilize."