Vakansi ya Natacha

Jaji alimwita Natacha peke yake, akafunga mlango. Uwamwezi alibaki nje kwenye benchi, na upande wa pili wa benchi hilo alikaa Valens, aliyekuwa mume wake kwa miaka kumi na mmoja. Hawakutazamana. Wote wawili walitega sikio wasikie mtoto wao wa miaka minane anajibu nini.

Ndoa ilikuwa imeshavunjwa. Lililobaki ni mtoto. Valens alifuga ng'ombe na kuuza maziwa Bihambwe, kwenye milima ya Masisi, na Natacha aliishi naye. Uwamwezi alikuwa amerudi kwao Pinga, upande wa Walikale, akiuza chumvi na vitenge. Kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine ni siku nzima ya pikipiki, tena njia ikiwa nzuri.

Walipoitwa ndani, baba mkubwa wa Valens, mzee Grégoire, alisimama hata kabla ya kuulizwa.

"Mama Juji, mahari ilitoka. Mutoto iko wa kwetu."

"Papa, mahari haikununua mutoto," jaji alimjibu. "Na mimi sitafuti nani alimukosea mwenzake. Naangalia mutoto atalelewa vizuri wapi."

Akauliza: asubuhi nani anampeleka shule? Akishikwa na homa, nani anakesha naye? Kisha akamgeukia Uwamwezi. "Mama, kule Pinga shule iko karibu?"

Uwamwezi angeweza kudanganya. "Ilifungwa, Mama Juji. Tangu watu wakimbie vita."

Alijua maneno yale yatamwangusha, na yakamwangusha. Jaji aliamua kwamba Natacha angesoma Bihambwe, na vakansi kubwa yote, likizo ya Julai na Agosti, angeipitisha kwa mama yake. Kuhusu shule na matibabu, hakuna mzazi ambaye angeamua peke yake.

Kila Jumapili baada ya misa, Uwamwezi alipanda kilima penye rezo, mtandao wa simu, akapiga. Siku nyingine alisikia upepo tu. Siku nyingine Natacha alimsomea somo zima kwa sauti, naye akafumba macho ili amwone.

Julai ikafika, na risasi zikalia njiani. Pikipiki hazikupita tena. Uwamwezi alikuwa na karatasi ya mahakama yenye muhuri, lakini karatasi haifungui barabara. Wiki nne zikapotea hivyo.

Mwezi wa nane, alasiri moja, Valens alitokea mlangoni, matope hadi magotini, mtoto mgongoni. Walikuwa wametembea siku mbili tangu pikipiki iliposhindwa kuendelea.

"Ungengoja njia ifunguke," Uwamwezi alisema, huku mikono yake imeshampokea mtoto.

"Alikuwa analia juu yako kila siku, anakutaka. Ningengoja mpaka lini?"

Valens alikunywa maji, akaenda kulala parokiani. Alfajiri akashika njia ya kurudi.

Natacha alikuwa na pengo mbele. Uwamwezi aliligusa kwa kidole. Hakujua jino lile lilianguka wiki gani, wala nani alilitupa juu ya paa.

Asubuhi, saa ya kukamua kule kwa baba yake, mtoto aliamka, akasimama mlangoni akitazama njia.

"Papa alishaenda?"

Wivu ulimpanda Uwamwezi. Alitaka kukasirika, akashindwa, maana alijua vizuri ilivyo kumkumbuka mtu aliye mbali. Akamketisha magotini pake.

"Nielezee ng'ombe zake," alimwambia. "Anza na ile unapenda sana."