Eneo Namba Saba

Saa nne asubuhi, ofisini kwake Gaborone, Onkabetse alikuwa ameiona namba moja kwenye kompyuta, na uso ulikuwa unamwaka kama aliyezabwa kofi.

Chama cha wafugaji cha Lesedinyana kilikuwa kimempa kazi ya kuwatengenezea mfumo wa taarifa za mifugo. Ofisa anachagua namba ya eneo kwenye skrini, skrini inaikabidhi namba hiyo kwa programu ya chini, na programu inachota idadi ya ng'ombe wagonjwa wa eneo hilo. Kazi rahisi. Lakini siku za majaribio, bwana huyu aliandika saba huko chini kwa mkono wake, kwa kuwa eneo la saba ndiko kwao na alitaka kuwaona ng'ombe wa baba yake, kisha akasahau kuunganisha. Ikawa ofisa akichagua kumi na moja, kichwa cha ripoti kinasema kumi na moja, ila idadi ni ya akina Onkabetse. Na kwao hakukuwa na ng'ombe mgonjwa hata mmoja. Maofisa wakafurahi miezi miwili mizima.

Mma Gaolathe, karani wa eneo la kumi na moja tangu enzi za madaftari, alikuwa ameingiza ng'ombe arobaini na watatu wenye ugonjwa wa miguu na midomo. Skrini ikaonyesha sifuri. Mifugo ikaruhusiwa kuvuka uzio wa kuzuia magonjwa, na makundi mawili ya majirani yakaambukizwa, yakateketezwa. Baraza likaitishwa kgotla, uwanja wa mikutano ya kijiji, mbele ya chifu na watu wote, kuuliza kwa nini wagonjwa hawakuandikwa. Onkabetse akasimama na tai yake, akamwambia chifu:

"Mfumo uko sawa, Rra. Labda mama yetu umri umemtupa mkono, anadhani ameandika."

Watu wakacheka, naye akacheka nao. Mama akasimamishwa kazi.

Na wala hakuwa amekagua! Asubuhi hii ndipo alipofungua jedwali lenyewe, akawakuta wote arobaini na watatu, na jina la Mma Gaolathe kila mstari.

"Rekebisha kimyakimya," bosi wake, Rra Tiroyaone, alimwambia. "Nani atajua?"

Alirekebisha. Haikuchukua hata dakika moja, na hapo aibu ikamzidi. Akachukua funguo za gari.

Alimkuta Mma Gaolathe uani akichambua maharage. Binti yake, Boipuso, alikuwa anaanika nguo.

"Dumela, Mma."

"Dumela, Rra. Umekuja kunicheka tena, au leo umepita tu?"

"Uliandika, Mma. Wote wamo. Kosa ni langu. Niliacha namba ya kwetu kwenye mfumo, halafu nikakusingizia mbele za watu bila hata kuangalia."

Mama aliendelea kuchambua. Alitupa punje mbili mbovu.

"Wiki iliyopita nilikwenda hospitali," alisema. "Nikamwambia daktari anipime kichwa. Nilikuwa nakumbuka kabisa nimeandika, na ninyi wasomi mnasema sijaandika. Nikajiona nimekwisha."

"Nisamehe, Mma."

"Kesho utayasema hayo kgotla. Chifu akiwepo."

"Nitasema."

"Ila kwanza mwambie huyu binti yangu. Tangu siku ile haniachi niwashe jiko la gesi. Anasema nitaunguza nyumba."

Boipuso aliacha nguo. Onkabetse alirudia yote, hadi kicheko cha kgotla. Binti hakumtazama. Alichomoa kiberiti mfukoni mwa aproni, akampa mama yake kwa mikono miwili, machozi yakimtoka.

Mma Gaolathe aliingia ndani. Wakasikia maji yakimiminwa kwenye birika. Akarudi na vikombe vitatu, akamkabidhi mgeni cha kwanza.

"Kunywa, safari yako ni ndefu."

Onkabetse alikipokea. Heri angemtukana.