Programu Iliyogoma Kumfuta Serina

Jumanne saa tatu asubuhi karani Eugenia alichomeka disketi kwenye kompyuta mpya, akasubiri herufi zitokee, akaandika 114. Hiyo ilikuwa ofisi ya viwanja, Mwanza, mwaka 1998. Jina lake silitaji, yenyewe inajijua. Kompyuta ya zamani, ile ya maandishi ya kijani, ilikuwa imekufa kwa maji ya El Nino yaliyopita darini. Hii mpya, yenye Windows, ililetwa kama zawadi na mwekezaji wa minofu ya sangara. Zawadi! Mwekezaji huyohuyo alikuwa ameomba kiwanja namba 114, kule ufukweni Nyamhala, na ofisi nzima ilijua.

Mkuu wa ofisi, Bwana Yeremia, alisimama nyuma ya kiti cha Eugenia.

"Futa," alisema.

Kiwanja 114 kilikuwa cha Selina, mjane, mwanika dagaa. Alikuwa amekaa pale miaka ishirini na tatu, na palepale alikuwa amemzika mume na mtoto. Barua yake ya kumilikishwa ilisema Selina. Rejesta ya kompyuta ilisema Serina. Aliyeandika Serina ni Eugenia mwenyewe, mwaka 1988, msichana aliyetoka Kamachumu juzijuzi tu, akapiga chapa kwa jinsi ulimi wake wa Kihaya ulivyotamka. Miaka kumi hakuna aliyeijali herufi hiyo. Sasa Bwana Yeremia aliipenda kama mwanawe wa kuzaa.

"Nani amewahi kumwona huyo Serina?" aliuliza. "Ni mtu hewa. Tunasafisha rejesta."

"Mkuu, nilikosea mimi. Naomba nibadilishe R iwe L, yaishe."

"Nimesema futa."

Eugenia akabonyeza. Kioo kikawa cha buluu kitupu, programu ikaanguka, na dagaa wakawa wameanikwa juu ya kaunta. Walikuwa kama madebe mawili, wamepangwa vizuri, upande mmoja bado hawajakauka. Mhudumu alifungua madirisha. Bwana Yeremia alisema programu imegoma, aitwe fundi.

Fundi aliitwa Byabato, na programu yenyewe aliitunga yeye, miaka hiyo kompyuta mjini zikihesabika kwa vidole. Alisogeza dagaa, akapata pa kuweka mkoba. Kwanza aliweka nakala nyingine ya programu. Eugenia akaandika 114, akabonyeza Futa, kioo kikawa cha buluu, na mbele ya meza ya mkuu yakatokea mafiga matatu, moto unawaka, ugali wa muhogo haujaiva. Mhudumu akaushika mwiko, maana ugali ungeungua. Byabato akarudisha tarehe ya mashine hadi 1988, labda programu ingejisikia nyumbani. Wapi! Akaja kuku na vifaranga tisa, wakatulia kwenye trei ya karatasi za printa. Akaizima mashine, akaiwasha tena bila Windows. Safari hii ilikuja nyumba yenyewe, ya tofali za udongo na bati, ikasimama uani mahali pa gari la mkuu. Dereva alilalamika kwamba hakuambiwa mapema.

Byabato alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Nimeelewa," alisema. "Niliiwekea sharti: kiwanja hakifutwi kama mwenyewe anakaa. Mashine ya zamani ilikuwa inaandika MWENYEWE YUPO, basi, inakataa. Hii mpya ujumbe huo haiusomi. Sasa programu ikiona maneno hayasikiki, inaleta ushahidi."

"Ondoa hilo sharti."

"Siwezi, mkuu. Nilikolitungia ni kwenye ile mashine iliyolowa."

"Basi jaribu tena."

"Mkuu, tukijaribu tena..."

"Jaribu!"

Yakaja makaburi mawili, moja refu na moja fupi, yenye misalaba ya saruji, yakakaa katikati ya makabati ya mafaili. Juu ya lile fupi palikuwa na kikombe cha bati cha mtoto. Watu wa foleni walivua kofia, wakasogea ili foleni ipite pembeni. Bwana Yeremia akainama, akabonyeza mwenyewe, na Selina akatokea ameketi kwenye kigoda chake, barua mkononi, ndani ya mfuko wa sukari.

"Shikamoo, mama," Eugenia alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hapa wapi?"

"Ofisi ya viwanja."

"Afadhali. Mara saba nimekuja hapa kwa miguu, mnaniambia nirudi kesho."

Hapo Eugenia alisimama. Alikuwa na hasira, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa ya kujichukia.

"Mwenyewe huyu hapa!" alipiga kelele. "Ana barua, ana nyumba, ana makaburi! Unataka nini tena? Unamfukuza mtu kwa herufi moja, tena herufi yenyewe ni yangu, si yake!"

Bwana Yeremia alimtuma dereva kwa pikipiki Nyamhala. Dereva alirudi saa nane mchana, akaripoti kwamba kwenye 114 hapana nyumba, hapana jiko, hapana kaburi, hata kuku. Ni mchanga mtupu mpaka ziwani.

"Haya, mama Eugenia," mkuu alisema kwa upole. "Jaribu mara ya mwisho."

Eugenia alikataa. Mkuu akaketi kwenye kiti cha Eugenia, akaandika 114, akabonyeza Futa. Kioo hakikuwa cha buluu. Yalitokea maandishi ya kijani, yaleyale ya zamani, yamenyooka: MWENYEWE HAYUPO. KIMEFUTWA.

"Imepona," alisema, akampa mkono fundi. "Kazi nzuri."

Byabato hakuupokea. Alifunga mkoba wake, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena ofisi ile. Kiwanda cha minofu kilijengwa kwenye 114 kabla ya mwaka kwisha. Uani, nyumba ilivunjwa ili gari la mkuu lipate pa kulala. Makaburi yaliachwa, kwa sababu kuyahamisha kunahitaji kibali, na kibali hutolewa kwa mwenye kiwanja. Selina naye aliachwa, anapika kwenye mafiga yake kati ya makabati, na ukutani mkuu alibandika tangazo kwamba ni marufuku kupika ofisini.

Kila asubuhi saa tatu Selina hunawa mikono, huchukua mfuko wake wa sukari, hutembea hatua sita hadi kaunta na kusimama kwenye foleni. Eugenia humwamkia. Kisha huandika Selina, huandika na Serina, na kompyuta hujibu kwamba hakuna mtu wa jina hilo. Kuna maneno ambayo mkuu ameagiza yasemwe hapo, na Eugenia ana watoto wanne wanaosoma.

"Rudi kesho, mama," husema.

Na Selina hurudi hatua zake sita, akilizunguka lile kaburi fupi asije akakigonga kikombe.