Chakula Kilibaki Chini

Miaka yote aliyonyoa vichwa vya watu, kinyozi aliiona milima ile kwenye kioo tu. Wateja walikaa wakitazama ukuta, dirisha likawa mgongoni mwao, basi kila kichwa alichokishika kilikuwa na mstari wa buluu nyuma yake, juu ya mapaa ya mji. Wageni waliokuja mji huu wa kusini kwa shughuli zao walimuuliza kama kule kunapendeza kama watu wanavyosema. Naye, bila haya, akajibu kwamba kunapendeza mno. Mguu wake ulikuwa haujafika hata mara moja.

Aliyechoshwa na uongo huo alikuwa binti yake. Akawalipia wazazi wake wikendi nzima, chumba chenye shuka nyeupe na baraza la kutazama bonde. "Nendeni mkapumue," akawaambia. "Baba amemeza nywele za watu za kutosha." Kisha akamtumia mama yake picha kwenye simu: meza ya mbao juu kabisa ya mlima, na chini yake mabonde yamepandana, moja nyuma ya jingine, mpaka macho yanachoka. Mama huyo alikuwa mshonaji, mtu wa kuinamia cherehani mchana kutwa. Picha ile haikumtoka. Akasema chakula cha mchana cha Jumamosi atakilia kwenye meza ile ile, na asiambiwe habari za meza nyingine.

Kufika huko ulipanda vigari vidogo vya watu wawili wawili vilivyoning'inia kwenye waya. Vilizunguka bila kusimama: vingine vinapanda, vingine vinashuka. Unaingia huku chenyewe kinatembea pole pole, mlango unafungwa, umekwenda. Barabara ilikuwepo, lakini ilizunguka nyuma ya mlima, safari ya kumaliza siku.

Walipokuwa bado kwenye benchi la kituo cha chini, mshonaji alitoa sindano yake ya kisukari, akainua upindo wa blauzi, akajichoma tumboni.

"Si usubiri tufike?" kinyozi akamwuliza.

"Dawa inatangulia, chakula kinafuata. Tukifika juu imeshaamka, nami nafungua mkate. Wewe mambo yako ni vichwa, mzee wangu. Tumbo niachie mwenyewe."

Mkate ulikuwa mkobani. Na mayai ya kuchemsha, na ndizi, na chupa ya juisi, na simu yake pia. Mkoba alikuwa nao kinyozi, kwa sababu bega la mkewe lilimsumbua.

Kigari kilipowafikia, mshonaji aliingia kama msichana. Kinyozi akamfuata, akakaa. Ndipo akatazama chini. Kwenye sakafu palikuwa na ufa mwembamba, na ndani ya ule ufa akaiona ardhi inaondoka. Kabla hajajua anafanya nini, alikuwa amesharuka nje.

"We mzee! Unakwenda wapi?" Mkewe alikuwa anacheka.

"Tangulia! Nakuja na cha nyuma!"

Mlango ukafungwa. Cha nyuma kikaja, akakiacha kipite. Kingine kikaja, akajifanya anafunga kiatu. Aliposimama akausikia uzito begani, akagutuka: mkoba alikuwa nao yeye.

Sasa alitaka kupanda kweli. Lakini upepo ukashuka kutoka mgongoni mwa mlima, mwingi, wa ghafla, ukavumisha mabati ya kituo. Kengele ikalia. Waya ukasimama, na vigari vyote vikabaki vinabembea.

Fundi wa mitambo akatoka kwenye chumba chake akijifuta mikono. "Usijali, mzee. Upepo ukizidi, mtambo unajizima wenyewe."

"Mke wangu yuko pale."

"Yuko salama. Waya ule unabeba hata lori."

"Hajala."

Fundi akacheka. "Mzee wangu, nani amekufa kwa kucheleweshewa chakula cha mchana?"

Kinyozi akamweleza habari ya sindano. Dawa imeshaingia, inakula sukari ya mwili, na isipopata chakula haisemi basi, inaendelea. Kicheko cha fundi kikakatika. Akarudi ndani mbio.

Kinyozi akampigia mkewe simu. Ikaita mkobani, kwenye ubavu wake mwenyewe. Akaikata, akabaki ameitazama kama mtu aliyetukanwa.

Kigari chenyewe kilionekana wazi, katikati ya mlima, juu ya korongo. Mshonaji alitoa mtandio dirishani, akaupunga. Kinyozi naye akapunga. Kwa kukosa la kufanya, akautoa mkate, akauinua juu ili auone, kisha akajiona mjinga, akaurudisha. Aliita jina lake mpaka koo likakauka. Upepo ulilichukua kila neno na kulipeleka upande mwingine. Baadaye mtandio ukaacha kupunga. Ulibaki unaning'inia, unapepea wenyewe.

"Waokoaji wameshatoka mjini," fundi akasema.

"Mjini? Huko nilikotoka mimi?"

Fundi akarudi ndani kwenye mitambo yake.

Upepo ulipolegea kidogo, fundi akawasha injini ya akiba. Hiyo ilitosha kuwavuta pole pole walioko juu ya waya mpaka kituo cha kileleni, basi. Vigari vikajongea. Kinyozi akaingia kwenye kimoja, akakaa, akaukumbatia mkoba, macho ameyafumba.

"Toka, baba."

"Nifungie mlango twende."

"Hapandi mtu. Upepo ukirudi utakwama na wewe."

"Nikwame."

"Baba, tafadhali. Usinifanye nikukamate kama mwizi." Akamtoa kwa kumshika kwapani, kwa heshima, kama anavyoinuliwa mgonjwa. Kinyozi alikuwa mwepesi. Kigari kikapita kitupu.

Wingu likateremka, likameza juu yote. Wakabaki na redio ya mkononi ya fundi, inayokoroma. Hatimaye mtu wa kituo cha juu akasema, "Tumemtoa. Amelowa jasho. Anaongea, ila hatumwelewi. Tunampa juisi."

Kinyozi akampokonya fundi redio. "Msimmiminie! Itampalia. Kuna asali? Sukari? Mpake ndani ya shavu, kidogo kidogo. Mlaze ubavu."

Alikuwa ameyajua hayo miaka yote, na siku zote mikono iliyoyafanya ilikuwa yake.

"Ameanza kulamba," sauti ikasema. Muda ukapita. "Amefumbua macho. Sasa anakunywa mwenyewe."

"Mpe mkate akimaliza. Asilale kabla hajala. Niwekee redio mdomoni pake."

Ikasikika pumzi, kisha sauti nzito ya mtu aliyetoka usingizini. "Mzee?"

"Nipo, mama."

"Uko wapi?"

"Chini."

"Na mimi?"

"Juu. Mlimani."

"Nimefikaje huku peke yangu?"

Kinyozi alibonyeza kitufe, akakiachia, akabonyeza tena. Redio ikavuma tupu. Fundi akageuka kutazama mitambo yake, isiyokuwa na haja ya kutazamwa.

Mtu wa juu akarudi. Alisema injini inazimwa, upepo umeanza tena. Huyu mama atalala kwenye nyumba ya wageni ya huko, naye atakaa karibu yake mpaka waokoaji wafike kwa barabara. Kisha akasita, kama mwenye aibu.

"Kuna jambo, mzee. Ameushika mkono wangu, haachii. Nadhani bado hajazinduka vizuri. Ananiita mume wangu."

"Usimsahihishe," kinyozi akasema.

"Na mkono?"

"Mwachie aushike."