Mzazi Aliyeandikishwa

Jumamosi asubuhi Msusi alimkalisha binti yake kati ya magoti, akamgawa nywele kwa chanuo, akaanza kumsuka mabutu ya shule. Simu ikalia juu ya kiti cha wateja. Lilikuwa tangazo la shule, lile la kila mwisho wa wiki, lenye mapenzi tele mwanzoni na vitisho tele mwishoni. Msusi alilisoma kwa sauti huku vidole vikiendelea na kazi.

"Wapendwa wazazi na walezi. Mnakumbushwa mkutano wa wazazi wote, Jumatano saa tatu kamili. Siku ya michezo, watoto waje na kofia na chupa za maji. Siku ya kufunga shule na kutoa zawadi, sare ziwe safi. Mzazi asiyefika asije akamlaumu mtu." Akaisukuma simu kando kwa kiwiko. "Umesikia? Kofia yako iko wapi?"

Mtoto hakujibu. Mtaa mzima ulimwita Chiriku, kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kuachia swali lipite bila kulijibu, hata lile ambalo hakuulizwa yeye. Msusi akarudia, mdomo ukiwa karibu kabisa na sikio la kushoto. Kimya. Akachukua kitana cha plastiki akakigonga kwenye ubao wa kiti, palepale kando ya sikio. Chiriku aliendelea kuwatazama wapita njia. Msusi akahamia upande wa kulia, akanong'ona, "Nani kakupiga?"

"Mwalimu Radi," Chiriku akajibu papo hapo. "Lakini ni siku nyingi. Nilimuuliza swali mara mbili."

Msusi alimaliza kusuka, maana kichwa kilichosukwa nusu hakipelekwi popote. Kisha alimchukua mtoto mpaka zahanati. Daktari alimulika sikio kwa tochi, akasema limeharibika hadi ndani na halitasikia tena, na kwamba hilo lililobaki asiliguse mtu. Aliyasema hayo akinawa mikono, akaita mgonjwa mwingine.

Radi alikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Jina hilo alipewa na watoto, naye alilipenda. Alipiga upande wowote uliokuwa karibu naye, na mwaka wa masomo ulikuwa bado mrefu. Jumatatu, kabla hata kengele ya kwanza haijalia, Msusi alikuwa ameshasimama mbele ya meza ya karani wa shule.

"Malalamiko yanapokelewa mkutanoni tu, mama," karani alisema bila kuinua macho. Kichwa chake kilikuwa kimesukwa na Msusi mwenyewe mwezi uliopita.

"Basi nitasema mkutanoni."

"Anayesema ni mzazi aliyeandikishwa. Familia moja, sauti moja. Kwenu aliandikishwa baba."

"Baba yake amekufa. Mazishini ulikuja, na chakula ukala."

"Pole tena. Ila kubadilisha ni lazima mwenye jina aje mwenyewe, aweke sahihi. Ndio utaratibu."

"Na nikitaka kumhamisha mtoto?"

"Barua ya uhamisho anaiomba mzazi aliyeandikishwa."

Kutoka chumba cha ndani Mwalimu Mkuu alipaza sauti kwamba karani aachwe afanye kazi, na kwamba kina mama wengine wote wanafuata utaratibu na hawajafa. Msusi alitoka pale. Hakurudi saluni. Alikwenda moja kwa moja makaburini, nyuma ya kiwanda cha matofali, akasimama miguuni mwa kaburi la mumewe. Hakuleta ua wala dua. Alizungumza kama mtu anayemwamsha mlevi.

"Wewe. Amka. Ulipokuwa hai hukuikanyaga shule ile hata siku moja, kila mkutano kichwa kilikuuma. Sasa sitaki kusikia habari ya kichwa. Jumatano, saa tatu. Njoo usaini, uniachie mtoto wangu, urudi ulale."

Jumatano Marehemu alifika kabla yake. Msusi alimkuta ameshaketi. Katika shule ile kina baba hukaa mbele kwenye viti, na kina mama hubanana nyuma kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Marehemu alikuwa kiti cha mbele kabisa, katika suti ya kijivu aliyozikiwa, ambayo dada yake ndiye aliyeichagua. Kila alipojigeuza, udongo ulimwagika kutoka kwenye mikono ya koti. Mzee aliyekaa jirani yake alisogeza viatu vyake pembeni, akamuuliza habari za safari.

"Kabla sijaanza," Mwalimu Mkuu alisema, "nimshukuru mzazi mmoja. Wako wazazi humu wanakaa nyumba ya pili kutoka hapa, na kufika hawafiki. Huyu ametoka huko alikotoka, na ameingia kabla ya saa tatu. Muigeni."

Marehemu akainamisha kichwa kwa adabu. Akaletewa soda. Hakuinywa, lakini aliishika vizuri.

Ilipofika zamu ya mengineyo, Msusi alijinasua kutoka kwenye dawati. "Nina neno kuhusu mwalimu wa darasa la tatu."

"Kaa, mama. Mzazi wa familia yako yupo."

"Basi aseme yeye. Nimemleta kwa ajili hiyo."

Watu wote wakamtazama Marehemu. Marehemu alimtazama mkewe, akamtazama Radi aliyesimama mlangoni na chaki katikati ya vidole, akawatazama kina baba wa safu ya mbele waliokuwa wanamngoja kwa heshima. Enzi za uhai wake alikuwa fundi rangi, na ukuta aliupaka rangi iliyotajwa na mtu wa mwisho kuongea. Alikuwa mkali nyumbani na mpole barabarani, na Msusi alikuwa amesahau jambo hilo kwa sababu wafu husemwa vizuri.

"Hapana," Marehemu alisema. Sauti ilikuwa imekauka kidogo, lakini ilikuwa yake. "Mambo ni mazuri."

Kabla mkutano haujafungwa walimchagua Marehemu kuwa mwenyekiti wa wazazi. Hakupingwa na mtu. Kina baba walisema ana utulivu, hana makundi, na hawezi kuhamishwa kikazi. Msusi alimsubiri nje, chini ya ubao wa matangazo, kalamu mkononi.

"Saini."

"Tutaongea."

"Kwa nini hukusema?"

"Usinitie aibu mbele ya watu," Marehemu alisema, akaondoka akisindikizwa na wanaume wawili waliokuwa wakimweleza habari za paa la bwalo.

Kesho yake wifi alifika saluni. Hakuja kusukwa. Alisimama mlangoni akijipepea kwa ncha ya mtandio.

"Umeona sasa? Ulikuwa unasema kaka yangu hana msaada kwa mtoto."

"Kaka yako ni maiti, wifi."

"Maiti mwenyekiti," wifi akamsahihisha, akaenda zake.

Msusi akaamua kumficha mtoto nyumbani. Alimpa Chiriku kazi ya kupanga vibanio kwa rangi, akamwambia shule imefungwa kwao tu. Hakumaliza wiki. Afisa wa elimu alibisha hodi, na nyuma yake alisimama Marehemu, akikung'uta viatu kwenye ngazi. Afisa alieleza kwamba kumzuia mtoto kwenda shule ni kosa, na kwamba mzazi aliyeandikishwa ameleta malalamiko rasmi.

"Kumbe kulalamika unajua," Msusi alimwambia mumewe.

Marehemu alitazama ukuta. Chiriku alitoka mbio, akamshika baba yake mkono, akaanza kumhadithia mambo ya miaka miwili yote bila kuvuta pumzi. Alikuwa amefurahi kweli, na hilo ndilo lililomkata Msusi maini kuliko afisa na karatasi zake. Aliwatazama wakikata kona, mtoto akirukaruka upande wa kushoto, kisha akizunguka kwenda kulia kila baba alipotaka kusema kitu.

Msusi alikwenda makaburini akiwa na jembe. Kaburi lilikuwa tupu, limefagiliwa. Mchunga makaburi alimwambia mwenyewe yuko kwenye kikao cha kamati. Msusi akalifukia shimo lote, akalishindilia kwa miguu, akasema sasa tutaona atalala wapi. Haikusaidia kitu. Shule ilimpa Marehemu stoo iliyo nyuma ya ofisi, kati ya mipira na magodoro ya mazoezi, na kila asubuhi mfagiaji alitoa sepetu moja ya udongo akaumwaga kwenye bustani ya maua.

Siku ya michezo watoto walikuja na kofia na chupa za maji kama tangazo lilivyotaka. Chiriku aliwaongoza wenzake mpaka kwenye hema la wageni. "Huyu ndiye baba yangu," aliwaambia. "Alikufa." Wenzake walimpa Marehemu mkono mmoja mmoja kisha wakajifuta kwenye kaptula. Halafu wakaitwa kwenye mbio fupi. Radi alisimama na filimbi upande wa kushoto wa mstari. Akapuliza. Watoto wote wakachomoka, Chiriku akabaki ameinama, akingoja, mpaka alipoona migongo ya wenzake. Alikimbia kwa nguvu zake zote na akawapita wachache.

Radi alimfuata mwisho wa mstari. "Filimbi huisikii? Haya masikio ni ya mapambo?" Akalishika la kulia, lile zima, akalivuta juu mpaka mtoto akasimama kwa vidole vya miguu.

Kwenye hema Marehemu alikuwa anaona. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesikitikia mchezo, akamgeukia Mwalimu Mkuu wakaendelea na mazungumzo. Msusi alikuwa ameshavuka kamba. Alimkamata Radi kifundo cha mkono, na mikono ya msusi si ya kudharau.

"Mwachie. Ukiligusa tena sikio hilo, vidole vyako nitavisuka vyote pamoja mpaka kwenye kiwiko."

Radi alimwachia. Alicheka, lakini alimwachia. Jumamosi iliyofuata tangazo lilisema: "Wapendwa wazazi na walezi. Mnakumbushwa kutoingia uwanjani wakati wa michezo. Mwanamke mmoja, ambaye si mzazi aliyeandikishwa, alimdhalilisha mwalimu mbele ya wageni. Mwenyekiti wa wazazi ameomba radhi kwa niaba ya familia. Tunamshukuru kwa busara zake. Sare ziwe safi." Wateja wawili wa Msusi, ambao watoto wao walikuwa darasa hilohilo la Radi, waliacha kuja saluni. Walisema hawataki ugomvi na shule.

Siku ya kufunga shule hema lilikuwa kubwa zaidi, na viti vya kina baba vilivikwa vitambaa. Msusi alikaa nyuma na Chiriku kwenye dawati moja. Alikuwa amemsuka vizuri kuliko siku zote, mistari imenyooka, kwa sababu hicho ndicho alichokuwa bado anaruhusiwa kukifanya. Walitoa zawadi za hesabu, za usafi, za mahudhurio. Kisha Mwalimu Mkuu akatangaza zawadi ya mwalimu bora, kwa nidhamu ya darasa lake, ambalo ndilo darasa tulivu kuliko yote shuleni. Akamwita Radi. Akamwomba mwenyekiti wa wazazi amkabidhi.

Msusi alipanda juu ya dawati. Hakuomba nafasi.

"Huyo mtu amemuua mwanangu sikio," alisema, na sauti yake ilifika mpaka getini. "Daktari kaliona. Baba yake anajua. Nyie wote mnajua, wanenu wanawaambia jioni. Mnampa zawadi ya nini?"

Walimsikia. Kina mama wa madawati ya mbele walitazama mikono yao, na mmoja wao alianza kufuta machozi. Kina baba walijigeuza vitini, viti vikalia. Kwa muda kidogo ilionekana kama mtu wa pili angesimama. Mwalimu Mkuu hakukasirika. Alingoja mpaka Msusi akaishiwa pumzi, kisha akasema kwa upole, "Mwenyekiti?"

Marehemu aliinuka. Udongo ulimwagika kwenye kitambaa cha meza, na karani akausogezea sahani. Marehemu alimtazama binti yake aliyekuwa akimpungia mkono kutoka nyuma, naye akampungia.

"Familia yetu haina malalamiko," alisema.

Akamkabidhi Radi zawadi, wakashikana mikono, mpiga picha akawaomba warudie. Watu wakashangilia, kwanza mbele, kisha nyuma. Msusi alishuka kwenye dawati akaketi. Hasira haikuwa na mahali pa kwenda.

"Mama, baba amesema nini?" Chiriku aliuliza.

Msusi akahamia upande wake wa kulia. "Amesema hatuna malalamiko."

Chiriku alifikiri. "Mimi ninayo," alisema, akanyoosha mkono juu kabisa, kama watoto wanavyofundishwa kufanya wakitaka kusema.

Kule mbele Radi aliuona mkono. Akanyamaza katikati ya kicheko, akainua shingo ili aone ni wa nani. Msusi akaushika mkono wa mwanawe, akaushusha taratibu, akaubana mapajani mwake mpaka shughuli ilipokwisha.