Gari la Kilimani

Mwenye kuuziwa gari juu ya mlima, na aliteremshe bondeni kwanza, alizime, aliwashe, ndipo atoe mkono. Neno hili wasiambiwe vijana peke yao. Waambiwe na mama zao, kwani mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na Bi Mwanakhamis wa Vitongoji nusura alie kilio kisicho na wa kumnyamazisha.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tisa. Mumewe keshafariki, Mungu amrehemu, na mwanawe wa pekee, Khatib, kesharithi fungu lake: mikarafuu ya babake pale kilimani, mizima, yenye kuzaa, mtu akisimama mlangoni kwao anaiona. Kijana mpole, hana neno na mtu. Lakini ibilisi wa mtu ni mtu, na wa Khatib alikuwa Mabruki, dalali wa Chake, mwenye kofia ya viua na ulimi wa asali.

Siku hiyo Bi Mwanakhamis alikuwa anatwanga. Khatib akaingia uani anacheka peke yake.

"Mama, Mabruki kakubali! Mimi nampa mikarafuu, yeye ananipa gari. Ijumaa baada ya sala tunapeana mikono mbele ya mashahidi."

Mchi ukabaki juu. "Mikarafuu ipi?"

"Ile yangu."

"Na gari gani?"

Hapo Khatib akakaa kitako akalisifu kama anayesifu mchumba. Jeusi, la milango miwili, mgongo umeinama kama kobe, viti vya ngozi nyekundu. Lilikuwa la daktari mmoja wa Kizungu aliyekwisha kwenda kwao zamani. Na nyuma, ukifunua kifuniko, kinatoka kiti kingine kama mtoto wa meza.

"Linachukua watu wangapi?"

"Wawili ndani. Na wawili nyuma, nje."

"Nje! Mvuani! Na hao watakulipa nauli au utawalipa weye?"

"Maharusi, mama! Chake nzima hakuna gari la kuchukulia maharusi kama lile."

"Na mwezi wa Ramadhani, wasipooa?"

Khatib akalikwepa swali. "Linataka kazi ya fundi, lakini kidogo tu. Mabruki mwenyewe kaniambia, hakunificha."

Moyo wa Bi Mwanakhamis ulidunda kuliko mchi. Mali ni ya kijana, sheria iko upande wake, na mkono ukishatolewa mbele ya mashahidi haurudi. Mikarafuu babake aliipanda kwa jembe lake, akaimwagilia maji ya kubeba kichwani. Mama angeweza kulia, angeweza kugomba. Lakini kijana ukimgombeza juu ya kitu akipendacho, unampeleka kwacho mbio.

Kesho yake akavaa buibui akaenda Chake, akasema anakwenda kununua uzi wa kushonea ukili wa mikeka. Uzi hakununua. Alilitazama gari. Zuri lilikuwa kweli, lakini penye urembo ndipo penye urimbo. Lilisimamishwa juu kabisa ya kilima cha mji, pua inatazama mteremko, na chini ya gurudumu pana jiwe. Alipokuja mtu wa kulitazama, Mabruki aliingia, akaashiria jiwe liondolewe, gari likajiviringisha, likakohoa, likanguruma, watu wakashangilia. Jioni, alipopita tena, lilikuwa mtaa mwingine. Mteremko tena. Jiwe tena.

Bi Mwanakhamis hajui injini. Hajapata hata kuigusa. Lakini baba yake mzazi alikuwa na punda wa namna hiyo: kushuka anakwenda, kupanda anajilaza. Njia nzima ya kurudi alimfikiria yule punda.

"Mwanangu," akasema alipofika, "mimi sina la kuzuia. Ila mtu anayechukua mali ya marehemu, kwanza ale kwangu. Mwambie aje Alhamisi, na gari lake, tulione."

Khatib alifurahi mpaka akambusu mkono.

Nyumba yao iko bondeni hasa, karibu na mpunga, msikiti ubavuni. Alhamisi, mchana umeshapinda, ngurumo ikasikika juu ya kilima, gari likasimama papo hapo. Mabruki akapiga kelele kutoka juu: "Bi Mkubwa, nitaliacha hapa! Njia nyembamba!"

"Hata!" akajibu. "Gari la ng'ombe hupita na mzigo, sembuse hilo! Mgeni wangu aje kwa miguu kama muuza samaki? Majirani watanicheka. Lilete uani."

Likaja. Majirani wakatoka, na Bi Mize, jirani asiyepitwa na jambo, akalizunguka akisema mashallah. Mabruki akakaa mkekani, gari likinguruma vilevile.

"Mbona hulizimi, bwana?"

"Liache lipumue, Bi Mkubwa. Gari kama hili likipumua ndiyo afya yake."

"Haya. Na lipumue."

Akarudi jikoni. Mkate wa mofa ulikuwa tayari. Pweza hakuwa tayari, wala hakukusudiwa kuwa tayari. Kila Mabruki alipochungulia sufuria, aliambiwa: "Bado, bwana. Pweza wa leo mkaidi." Gari likanguruma, likatoa moshi, kuku wakahama uani.

Ndipo adhana ya alasiri ikaanza.

Bi Mwanakhamis akajitanda kanga, akasimama mlangoni. "Bwana Mabruki, adhana."

"Naisikia."

"Mimi hata kinu nakiacha."

Mabruki akajikohoza, akaitazama mikono yake. Watu wanaokwenda kuswali wamesimama, wanalitazama gari lililokuwa likimshinda muadhini kwa sauti. Aliyeona haya alikuwa Khatib. Akainuka, akaingia garini, akalizima kwa mkono wake mwenyewe.

Uani kukatulia. Mabruki alikuwa na uso wa mtu aliyedondosha pete kisimani.

Wakaswali, wakarudi, wakala pweza, na sasa alikuwa laini kama siagi. Mgeni akaaga. Akabonyeza, gari likasema "nyii" likanyamaza. Akachukua hendeli, akaitia puani mwa gari, akazungusha mpaka kofia ya viua ikaanguka vumbini. Watu wa msikiti wakaja kusukuma, mbele, nyuma, mbele. Udongo wa bonde ukashika magurudumu, injini haikujibu salamu.

"Yakhe Mabruki," akasema Mzee Shaame, imamu wao, akijifuta jasho, "hili gari au maiti? Tukalete jeneza?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Lina mafua tu!" Mabruki akafoka. "Khatib, waambie walisukume mpaka juu."

"Halafu?"

"Halafu tunaliteremsha, linawaka."

Khatib akakitazama kilima, akalitazama gari, mwisho akamtazama mamake. Bi Mwanakhamis alikuwa anaosha sahani, hata kichwa hakuinua. Alikuwa anasoma dua kimoyomoyo.

"Na likizimika bondeni tena?" akauliza Khatib. "Kwetu ni hapa, Mabruki. Mikarafuu yangu haitoki."

Alhamdulillahi! Sahani ilimponyoka Bi Mwanakhamis, na wala hakuijali.

Lakini mama ni mama. Alimwona mwanawe anavyolipapasa lile gari, kama mtu anayeaga. Akajifuta mikono, akaja.

"Bwana Mabruki, hiyo ilikuwa bei ya gari linalokwenda. Hili lililolala uani kwangu unaliuzaje? Nina mtamba mmoja."

"Mtamba? Kwa gari?"

"Basi lichukue, bwana. Kuku wangu wanataka kurudi."

Mabruki akakipima kilima kwa macho. Akatoa mkono, mashahidi wapo tele. Yule aliyekuja na gari akaondoka anavuta mtamba kwa kamba, na Bi Mize akamsindikiza kwa sauti: "Huyo usimtilie jiwe, bwana! Anapanda mwenyewe!"

Khatib alipewa sharti moja: asimlipe fundi, ajifunze ufundi. Akaenda Wesha kwa fundi Masika, aliyekuwa akitengeneza malori ya bandarini, akawa anafanya kazi huko asubuhi na uani kwao jioni. Alilifungua lote, akalitandaza mkekani kama karafuu. Pete za pistoni zilikuwa zimelika, vali zimeungua. "Kazi kidogo," alisema dalali! Miezi ikapita. Bi Mwanakhamis alikanyaga misumari na grisi, akanung'unika, akapika.

Msimu wa karafuu ulipoingia, asubuhi moja Khatib alizungusha hendeli mara moja tu, pale pale bondeni. Likawaka! Bi Mwanakhamis alipiga kigelegele kilichowatoa watu mpungani. Kile kiti cha nyuma kikapakiwa karafuu kavu za mikarafuu ile ile, yeye akakaa mbele juu ya ngozi nyekundu, buibui limemkaa sawasawa, na gari likaupanda mlima bila kusukumwa na mtu, likapita chini ya miti ya marehemu, majani yakigusa paa.

Chake, juu kabisa, alisimama Mabruki. Macho yalimtoka.

"Bi Mkubwa! Mnaliuza?"

Bi Mwanakhamis akatoa kichwa dirishani.

"Tunaliuza," akasema. "Njoo ulitazame bondeni."